Umesasisha plagini, tovuti imegoma: namna ya kuitengeneza bila kupoteza data

Umebonyeza kitufe cha kusasisha plagini (programu ndogo ya nyongeza) ya WordPress, mfumo unaoendesha tovuti yako, ukasubiri kidogo, ukafungua tovuti na kukuta ukurasa mweupe, au maandishi "There has been a critical error on this website". Au kila kitu kinaonekana sawa kwa macho, ila fomu ya mawasiliano haitumi ujumbe, na wateja wanaanza kupiga simu kuuliza mbona hawawezi kulipia.

Jambo la kushika mapema ni hili: plagini ikigoma baada ya kusasishwa, mara nyingi haikuharibika peke yake. Imegongana na kitu kingine, ama plagini nyingine, ama mandhari ya tovuti (theme), ama toleo la PHP, lugha iliyoandikiwa WordPress, lililoko kwenye seva, ama WordPress yenyewe. Ugomvi una pande mbili, na kazi yako ni kuupata ule upande wa pili. Wengi huishia kuilaumu plagini iliyosasishwa, wakairudisha kwenye toleo la nyuma na kuiacha hapo miezi na miezi, kumbe kilichopitwa na wakati ni kile kilichogongana nayo.

Mifano mingi hapa ni ya maduka ya WooCommerce, plagini ya kuuzia mtandaoni, yanayopokea malipo kwa simu. Huko ndiko hasara huonekana siku hiyo hiyo.

Kabla hujagusa chochote

Acha kusasisha. Kama plagini nyingine nne zinaonyesha kwamba zina toleo jipya, ziache kwanza, maana ukizisasisha zote sasa hutajua tena ni ipi iliyoleta tatizo na ipi iliyoliondoa. Kama masasisho ya kiotomatiki yamewashwa, yazime kwa muda.

Kisha hakikisha tatizo lipo kweli. Fungua tovuti kwenye dirisha la faragha la kivinjari, au kwa simu inayotumia bando badala ya Wi-Fi ya ofisini. Futa kache (nakala za kurasa zilizohifadhiwa) ya plagini ya kache kama unayo, na ya Cloudflare, huduma inayokaa kati ya tovuti na wageni, kama tovuti inapitia huko. Baada ya kusasisha, kivinjari kinaweza kushikilia faili la zamani la JavaScript wakati seva imeshatoa jipya, na viwili hivyo vikikutana ukurasa unavurugika. Tatizo la namna hiyo huisha kache ikifutwa, wala huhitaji kuendelea kusoma.

Likibaki, andika pembeni: jina la plagini, toleo ililokuwa nalo, toleo jipya, na saa uliyosasisha. Saa ni muhimu kuliko inavyoonekana. Utaihitaji kwenye logi (faili linaloandikwa makosa), na kama ni duka utaihitaji kutafuta oda zilizoingia katikati.

Kurudi ndani ya dashibodi

Kama wp-admin, yaani dashibodi ya WordPress, inafunguka, ruka sehemu hii.

Isipofunguka, anzia kwenye barua pepe. Tangu toleo 5.2, lililotoka Mei 2019, WordPress ikikutana na kosa kubwa humtumia msimamizi ujumbe wenye kiungo cha kuingilia hali ya uokoaji. Ukiingia kwa kiungo hicho, plagini yenye kosa inasimamishwa kwako tu, nawe unapata dashibodi ya kufanyia kazi. Kiungo hudumu siku moja. Shida ya kwetu ni kwamba anwani iliyoandikwa kama ya msimamizi mara nyingi ni ya fundi aliyejenga tovuti miaka mitatu iliyopita na hapatikani tena. Tovuti ikishatengemaa, nenda Settings, kisha General, uweke anwani unayoisoma wewe.

Barua isipokuja, ingia kwenye cPanel au paneli yoyote uliyopewa na kampuni inayohifadhi tovuti yako, fungua File Manager, nenda wp-content, kisha plugins. Tafuta folda ya plagini uliyosasisha na uibadilishe jina, kwa mfano uongeze "-zima" mwishoni. WordPress ikikosa faili lake itaizima, na dashibodi itafunguka. Mipangilio yake haipotei, kwa sababu imo kwenye hifadhidata na si kwenye folda. Ukitaka kuirudisha, rudisha jina la awali kisha uiwashe upya kwenye orodha ya plagini.

Ila usibonyeze Delete. Kuzima plagini na kuifuta ni mambo mawili tofauti kabisa. Plagini nyingi zimeandikwa hivi kwamba ukizifuta kupitia dashibodi, zinaondoka na data zake: fomu ulizotengeneza, ujumbe wa wateja, mipangilio ya malipo. Zima tu.

Mwenye SSH (njia ya kuipa seva amri kwa maandishi) anaweza kufanya kazi hiyo hiyo kwa amri moja:

wp plugin deactivate jina-la-plagini --skip-plugins --skip-themes

Kuna na hali ya tatu, ambapo tovuti inasema iko kwenye matengenezo na kukuomba urudi baada ya dakika moja, na dakika zinapita bila badiliko. Hapo sasisho lilikatika njiani na kuacha faili linaloitwa .maintenance kwenye folda kuu ya tovuti. Kwenye File Manager ruhusu mafaili yaliyofichwa yaonekane, kisha ufute hilo moja. Halafu sasisha plagini ile tena, kwa sababu huenda mafaili yake yamefika nusu.

Kusoma logi

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na ndipo wengi wanapoparuka. Fungua wp-config.php, faili la mipangilio ya WordPress, nenda juu ya mstari unaosema "That's all, stop editing!", uweke mistari hii:

define( 'WP_DEBUG', true );
define( 'WP_DEBUG_LOG', true );
define( 'WP_DEBUG_DISPLAY', false );

Kama mstari wa WP_DEBUG upo tayari na umeandikwa false, ubadilishe uwe true badala ya kuongeza wa pili. Mstari wa tatu ndio unaozuia makosa yasimwagike mbele ya wateja. Sasa iwashe plagini, rudia kitendo kilichogoma, kisha fungua faili la debug.log ndani ya wp-content. Utakuta kitu kama hiki:

[14-May-2025 07:42:10 UTC] PHP Fatal error: Uncaught Error: Call to undefined method Duka_Malipo::pata_bei() in /home/mteja/public_html/wp-content/plugins/duka-ripoti/ripoti.php:88

Usome taratibu kutoka kushoto. Saa imeandikwa kwa UTC, kwa hiyo kwa aliyeko Dar es Salaam, Nairobi au Kampala ongeza saa tatu: hapo ilikuwa saa nne na dakika 42 asubuhi. Aliyeko Kigali, Bujumbura au Lubumbashi aongeze mbili. Linganisha na saa uliyoandika pembeni. Makosa ya tangu juzi hayahusiki. Kisha tafuta maneno "Fatal error". Mistari ya "Deprecated", "Notice" na "Warning" inaweza kuwa mamia, na karibu yote ni onyo tu. Haiangushi tovuti.

Baada ya hapo angalia njia ya faili. Katika mfano huu umesasisha plagini ya duka-malipo, lakini kosa limetokea ndani ya duka-ripoti. Maana yake, ripoti ilikuwa inaita kazi (function) inayoitwa pata_bei iliyokuwa ndani ya malipo, na toleo jipya la malipo limeiondoa au limebadilisha jina lake. Duka-ripoti ndiyo haijui kwamba mambo yamebadilika. Ukirudisha malipo nyuma utapata nafuu, lakini dawa ni kusasisha ripoti.

Kama njia ya faili ina neno themes badala ya plugins, mgongano ni na mandhari. Na kama ujumbe unasema kazi fulani ya PHP yenyewe haipo, chunguza toleo la PHP. Kwa mfano create_function iliondolewa kwenye PHP 8.0, iliyotoka Novemba 2020, na plagini za zamani zilizokuwa zikiitumia zilikufa siku seva zao zilipohamishiwa huko. Kinyume chake pia hutokea: plagini mpya imeandikwa kwa PHP 8, nawe bado uko 7.4, toleo lililoacha kupata marekebisho ya usalama Novemba 2022. Toleo lako unaliona kwenye Tools, kisha Site Health, sehemu ya Info.

Logi ikiwa kimya

Kuna makosa yasiyofika kwenye logi kwa sababu yanatokea ndani ya kivinjari cha mgeni. Menyu haifunguki, picha hazitelezi, kitufe kinabonyezwa na hakuna kinachotokea. Kwa hayo unahitaji kompyuta: fungua ukurasa, bonyeza F12, nenda Console, kisha upakie ukurasa upya. Mistari myekundu inataja jina la faili, na ndani ya njia hiyo utaona folda ya plagini.

Agosti 2020 kulitokea tukio linaloeleza vizuri jambo hili. WordPress 5.5 iliacha kupakia jQuery Migrate, faili dogo lililokuwa likizisaidia plagini za zamani kuelewana na toleo jipya la jQuery, maktaba ya JavaScript. Tovuti nyingi mno zikapoteza menyu, vitelezi na hata vitufe vya kuhariria, bila kosa lolote upande wa seva. Timu ya WordPress ikatoa plagini ya muda ya kulirudisha faili hilo huku watengenezaji wakirekebisha misimbo yao. Hakuna plagini hata moja iliyokuwa imesasishwa. Kilichobadilika ni sakafu waliyokuwa wamesimamia. Kwa hiyo ukiona "jQuery is not defined" au "$ is not a function", usidhani moja kwa moja kwamba aliyetajwa ndiye mwenye kosa.

Logi na Console zikishindwa zote mbili, tenganisha kwa mkono. Sakinisha plagini ya Health Check & Troubleshooting, inayotolewa na jamii ya WordPress yenyewe. Ukiwasha hali yake ya uchunguzi, plagini zote zinazimika na mandhari inarudi ya kawaida kwako wewe tu; wateja wanaendelea kuiona tovuti kama ilivyokuwa. Naipendelea kuliko njia ya kuzima kila kitu mchana kweupe huku watu wanajaribu kununua.

Humo ndani, washa plagini iliyosasishwa peke yake. Ikifanya kazi, washa nusu ya zilizobaki. Tatizo likirudi, liko ndani ya nusu hiyo. Lisiporudi, liko kwenye nusu nyingine. Igawe tena. Kwa plagini 30 huhitaji kujaribu mara 30, hatua tano zinatosha. Zikishawaka zote na tatizo halijarudi, badilisha mandhari iwe ile unayotumia. Na kama plagini inagoma hata ikiwa peke yake na mandhari ya kawaida, basi ina kosa lake yenyewe, au haipatani na PHP au na toleo lako la WordPress.

Kuchagua dawa

Ukishawajua wagombanao, anza na lile lililo jepesi: je, upande wa pili una toleo jipya? Lisasishe, jaribu tena. Mara nyingi yanaishia hapo. Kama tatizo ni PHP, paneli ya seva huwa na sehemu ya kuchagua toleo; panda hatua moja, jaribu, na kumbuka unaweza kushuka ukikwama.

Kama upande wa pili umetelekezwa, yaani mtengenezaji hajautolea toleo kwa miaka, utafutie mbadala. Kuishikilia plagini iliyokufa kunakulazimisha kuzizuia nyingine zote zisisonge.

Kurudisha toleo la nyuma ni njia ya kupata muda, na wakati mwingine ndiyo pekee iliyopo saa hiyo. Kwa plagini za bure zilizo kwenye wordpress.org, fungua ukurasa wa plagini, bonyeza Advanced View, shuka hadi chini uchague toleo. Plagini ya WP Rollback hufanya hivyo kutoka kwenye dashibodi. Kwa SSH:

wp plugin install jina-la-plagini --version=5.1.3 --force

Plagini za kulipia zinapakuliwa kwenye akaunti yako kwa muuzaji. Na hapa niseme wazi: usiende kutafuta toleo la bure la plagini ya kulipia kwenye magrupu ya Telegram. Nakala hizo zilizovunjwa hazipati masasisho, na hubeba msimbo wa kuwafungulia wageni mlango wa nyuma. Nusu saa ya kuokoa fedha inaweza kukugharimu tovuti nzima.

Kabla ya kurudi nyuma, soma orodha ya mabadiliko ya toleo jipya. Kama limeziba tundu la usalama, kurudi ni kulifungua tena. Rudi ikibidi kabisa, kwa siku chache, huku ukisukuma dawa ya kudumu.

Hatari ya kurudisha hifadhidata ya duka

Sehemu hii isome mara mbili kama unauza.

Plagini kubwa zikisasishwa hubadilisha pia muundo wa hifadhidata. WooCommerce huonyesha tangazo la kuomba kusasisha hifadhidata. Ukishalikubali, mafaili ya zamani hayajui kuusoma muundo mpya. Hapo watu hukimbilia bakapu (nakala rudufu) ya jana na kurudisha kila kitu. Tovuti inarudi, inapendeza, na oda zote zilizoingia tangu jana zimefutika. Fedha za wateja zimeshaingia M-Pesa au Airtel Money, lakini dukani hakuna jina wala bidhaa ya kumpelekea mtu.

Kwa hiyo fuata mpangilio huu. Kwanza jaribu kurudisha mafaili ya plagini pekee. Plagini ya bakapu ya UpdraftPlus, kwa mfano, hutenganisha bakapu ya plagini, mandhari, picha na hifadhidata, nawe unachagua unachorudisha. Ikitosha, hifadhidata usiiguse. Isipotosha, pakua nakala ya hifadhidata ya sasa kupitia phpMyAdmin (zana ya kusimamia hifadhidata), hata kama imeharibika, na utoe orodha ya oda zote tangu saa ya bakapu. Weka duka kwenye matengenezo ili oda mpya zisiingie. Ndipo urudishe. Ukimaliza, chukua taarifa ya miamala ya simu, ilinganishe na oda zilizopo, na zile zinazokosekana uziingize kwa mkono moja moja. Inachosha. Lakini mteja aliyelipa hatakiwi hata kujua kwamba kulikuwa na tatizo.

Malipo ya simu yakitoweka

Kuna migongano mitatu ya WooCommerce inayojirudia sana, na yote inafanana na "plagini ya malipo imeharibika".

Ya kwanza: njia ya M-Pesa haionekani kabisa kwenye ukurasa wa malipo, ingawa imewashwa. Tangu WooCommerce 8.3 ya Novemba 2023, maduka mapya hupewa ukurasa wa malipo uliojengwa kwa bloku (vipande vya kihariri kipya cha WordPress). Plagini ya malipo isiyojua bloku haionekani humo. Maduka ya zamani hayakubadilishwa, ila mtu aliyejenga upya ukurasa wake anaweza kuingia kwenye shimo hilo hilo. Hariri ukurasa wa Checkout, ondoa bloku ya malipo, uweke msimbo mfupi [woocommerce_checkout], uhifadhi. Njia itarudi.

Ya pili: oda zinaingia, lakini plagini ya ripoti au ya kutuma SMS haizioni. Toleo 8.2 la Oktoba 2023 liliwapa wenye maduka mapya jedwali la oda linalojitegemea, wakati plagini za zamani bado zinachungulia lile la machapisho. Kwenye WooCommerce, Settings, Advanced, Features, utaona plagini zisizopatana, na kuna chaguo la kuweka oda sehemu zote mbili kwa wakati mmoja.

Ya tatu ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu tovuti inaonekana nzima. Mteja anapata ombi kwenye simu, anaweka namba ya siri, fedha zinakatwa, lakini oda inabaki inasubiri malipo. Mfumo wa Daraja wa Safaricom hutuma jibu la muamala kwenye anwani maalumu ya tovuti yako, na watoa huduma wengine nao hufanya vivyo hivyo. Plagini ya usalama iliyosasishwa inaweza kuliona jibu hilo kama shambulio na kulizuia mlangoni. Fungua orodha ya maombi yaliyozuiwa, tafuta anwani hiyo, uiruhusu. Kisha nunua mwenyewe bidhaa ya bei ndogo kwa simu yako, ufuate oda hadi ibadilike hali. Kuuona ukurasa unafunguka si uthibitisho wa chochote.

Pitia pia WooCommerce, Status, hadi chini kwenye Templates. Mandhari nyingi hunakili kurasa za WooCommerce, na nakala zilizopitwa na wakati zimeorodheshwa hapo pamoja na namba za matoleo.

Kumwandikia mtengenezaji

Mtumie toleo la zamani na jipya, mstari wa Fatal error mzima, jina la plagini au mandhari inayogongana nayo, na hatua za kulirudisha tatizo. Kwenye Site Health, sehemu ya Info, kuna kitufe cha kunakili taarifa za tovuti. Kabla ya kubandika popote, hakikisha hakuna funguo za malipo wala nywila. Ukishapata jibu, rudisha WP_DEBUG iwe false na ufute debug.log, kwenye seva nyingi faili hilo linasomeka na yeyote anayejua anwani yake.

Masasisho yajayo

Tangu toleo 6.6 la Julai 2024, WordPress yenyewe huirudisha nyuma plagini iliyosasishwa kiotomatiki ikisababisha Fatal error ya PHP. Ni msaada mkubwa, lakini haioni kitufe kilichokufa wala malipo yasiyothibitishwa. Kwa duka ningezima masasisho ya kiotomatiki ya plagini za malipo na WooCommerce, nikayafanya kwa mkono kila wiki, moja moja, saa ambazo wateja wamelala, na kamwe si mwisho wa mwezi mishahara inapoingia. Kinyume chake, plagini ya usalama iachwe ijisasishe.

Kampuni nyingi za kuhifadhi tovuti zina kitufe cha kutengeneza tovuti ya majaribio. Itumie, ila ukishaifungua kwa mara ya kwanza, badilisha funguo za malipo ziwe za majaribio na uzime barua pepe na SMS kabla ya kusasisha chochote. Nakala hiyo imebeba namba za wateja wako wa kweli, na itawatumia ujumbe wa kweli.